Kumaliza ni Kazi ya Hosea

Wimbo ulikuwa umeshapita mahali pake pa kuisha, na kila mtu mle ndani alilijua hilo isipokuwa aliyekuwa anaupiga.

Corliss Tillery alikaa meza ya pembeni, karibu na mlango wa jikoni, mkoba mapajani, macho kwenye mgongo wa mama yake. Bi Verlene alivaa gauni lake la kijani la Jumapili na kofia ile ile aliyotoka nayo kanisani. Mikono yake ilitembea juu ya piano bila papara, wimbo ukafika mwisho, watu wakainua viganja wapige makofi, na wimbo ukarudi mwanzo. Mara ya kwanza watu walicheka, wakadhani bibi anawatania. Mara ya tatu walinyamaza. Sasa kuku wa kukaanga walikuwa wamepoa kwenye sahani, na akina mama wa kanisa la Mlima Nebo waliokuja moja kwa moja kutoka ibadani wakaanza kutazamana chini ya kofia zao.

Jambo lililomtia Corliss baridi ni zile nafasi. Mama yake alipiga kidogo, akanyamaza kidogo, akaitikia, akanyamaza tena. Ilikuwa kama kumsikiliza mtu anayeongea kwenye simu: maneno ya upande huu unayasikia, ya upande wa pili unakisia. Na hapo penye kukisia, Corliss aliona miguu ya watu chini ya meza ikipiga hatua kwa pamoja, kufuata besi ambayo haikuwepo.

Purnell Gaskins, mwenye baa, alitoka nyuma ya kaunta akijifuta mikono. Aliinama kwenye sikio la Bi Verlene. "Shemeji, malizia. Watu wanataka kupumua."

Bi Verlene alitikisa kichwa kukubali, akatabasamu, akaendelea.

Purnell alimsubiri mzunguko mmoja mwingine. Kisha, jamani, alikwenda kwenye mashine ya santuri na kuweka sahani ya muziki. Tarumbeta ililipuka juu ya piano. Bi Verlene alipiga chini yake kidogo, kama mtu anayetaka kumaliza sentensi yake kwenye ugomvi, halafu akaiacha mikono hewani.

"Purnell," alisema kwa upole, "mbona unanikatiza? Tulikuwa bado."

Neno hilo "tulikuwa" lilisikika hadi jikoni. Kijana mmoja mezani akaguna kicheko, mwenzake akampiga kiwiko. Corliss alisimama uso ukimwaka, akamshika mama yake mkono na kumtoa mbele za watu kama anavyotolewa mlevi.

Purnell aliwafuata hadi kibarazani. Theluji ilikuwa imeanza kushuka juu ya mtaa wa Germantown, na alikuwa hana koti. "Corliss, sikiliza. Baba yako Hosea alikuwa kama ndugu yangu, na kiti cha mama yako hapa nimekiweka tangu tumzike. Lakini hii ni Jumapili ya tatu. Wateja wananiambia wakifika nyumbani hawalali. Jumapili ijayo mletee mpiga besi, na nyimbo ziishe. Zisipoisha, itabidi niweke santuri tu."

"Wanaambiwa na nani wasilale?" Corliss alifoka.

"Mwulize aliyekaa karibu," Purnell alisema. "Wanasema wanamsikia."

*

Ndani ya gari Bi Verlene alivua glavu moja, akavaa tena.

"Mama, kwa nini humalizi?"

"Kumaliza ni kazi ya baba yako."

"Baba amekufa."

"Najua amekufa. Tai aliyozikwa nayo nilimchagulia mimi. Akili yangu iko hapa hapa, usinitazame hivyo. Nimesema kumaliza ni kazi yake. Sijasema yu hai."

Na ni kweli kwamba ilikuwa kazi yake. Maisha yao yote walipiga wawili tu, piano na besi, ile fidla kubwa ya kusimamishwa sakafuni, bila ngoma wala tarumbeta, na tangu siku ya kwanza walipatana hivi: Verlene anafungua, Hosea anafunga. Piano inanyamaza, mikono inapumzika mapajani, kimya kinaingia, na watu wakishadhani basi, ndipo Hosea anavuta uzi mnene kabisa, mara moja, taratibu. Watu wa Germantown waliiita sauti hiyo amina ya Hosea. Wengine walikuja kwa ajili ya hiyo tu. Bi Verlene hakuwahi kupiga sauti ya mwisho ya wimbo wowote, hata wa siku ya kuzaliwa ya mtoto.

Mwezi wa Oktoba, kwenye baa ile ile, walikuwa wanapiga "Mlango wa Nyuma", wimbo aliotunga Hosea mwenyewe juu ya hoteli zile walizopigia ujanani wakiingilia jikoni, kwa kuwa weusi hawakuruhusiwa mlango wa mbele. Mahali fulani katikati, Hosea alilaza shavu lake kwenye shingo ya besi na kufumba macho. Ndivyo alivyozoea. Verlene alifika mwisho, akatoa mikono, akasubiri amina. Haikuja. Akaona mzee hajatosheka, akarudi mwanzo. Akasubiri tena. Mara ngapi, hakuna ajuaye. Hosea alikuwa amebanwa kati ya besi yake na ukuta, amesimama, na daktari aliyekuwa anakula mezani alikuja kusema kwamba roho ilikuwa imetoka kitambo. Lakini waliokuwepo walibisha. Walisema besi ilisikika hadi pale Purnell alipomgusa bega.

"Kwa hiyo ule wimbo uko wazi," Bi Verlene alisema, gari likipinda mtaa wao. "Umeachwa wazi, na yeye yumo. Sasa unataka nimfungie nani mlango usoni?"

Corliss aliegesha gari. Kaka yake Wendell alikuwa akipiga simu kutoka Atlanta kila wiki na habari za nyumba fulani ya wazee, safi, yenye bustani. Corliss alikuwa akimwambia: Mama anapiga piano kwa Purnell kila Jumapili, mtu anayefanya kazi hapelekwi nyumba ya wazee. Ndilo jibu pekee lililomnyamazisha Wendell. Jumapili ijayo hilo nalo lingekwisha, na Wendell angepanda ndege.

*

Besi ilisimama kwenye kona ya sebule, kati ya dirisha na piano, imeegemea kiti kirefu cha Hosea. Haikufunikwa. Hosea aliinunua kabla ya kuoa, kwa hiyo akaiita Bi Mkubwa, na Verlene miaka yote akijitambulisha kwa wageni: "Mimi ni mke mdogo. Mke mkubwa yuko pale kwenye kona, mwamkieni kwanza." Watu walicheka. Corliss hakucheka. Siku aliyomaliza shule, gari lilijaa: baba, mama, na Bi Mkubwa, kwa kuwa jioni walikuwa na kazi mahali. Corliss alikwenda mahafali kwa basi na gauni lake jeupe, mvua inanyesha. Tangu siku ile hakuigusa besi ile tena, na alikuwa amemwahidi mtu mmoja kutoka Boston kwamba angemuuzia pindi mama akikubali.

Kabla ya hapo ilikuwa vingine. Alipokuwa mdogo, baba yake alikuwa akimsimamisha kati yake na besi, kidevu chake kigumu juu ya utosi wake, na kila wimbo wa mazoezi ulipofika mwisho alimshika kidole na kukiweka kwenye uzi mnene. Hayo alikuwa ameyazika mbali sana.

Baada ya chakula Corliss alikuwa akiosha vyombo, mikono imezama kwenye povu, mama yake akifanya mazoezi. Kona ya sebule ilikuwa ikiitikia. Hilo halikumshangaza, amezaliwa akilisikia. Ukipiga piano na besi imesimama karibu, nyuzi zinavuma zenyewe. Mbao inaitikia mbao, baba alisema.

Piano ilinyamaza. Alimsikia mama yake akiinuka na kuburuta ndala zake hadi chumbani, akitafuta miwani na kunung'unika. Mvumo uliendelea. Corliss alifunga bomba la maji asikie vizuri. Ulikuwa mzito, chini kabisa, wa kusikika tumboni kuliko masikioni. Kisha ukahama. Ukapanda hatua moja, ukashuka mbili, bila haraka, kama mtu anayetembeatembea sebuleni akimsubiri mwenzake avae viatu.

"Mama!" aliita, sauti ikamtoka nyembamba.

"Nini wewe? Nimeipata, ilikuwa kitandani."

Bi Verlene alirudi, akaketi, na kuchukua wimbo pale pale mvumo ulipokuwa umefika.

*

Lamont Pettway alikuja Jumatano mchana, kijana mrefu mwenye adabu, ambaye nyanya yake aliwahi kuimba na Bi Verlene kwaya moja. Alikuwa mpiga besi bora kuliko wote waliobaki Germantown. Alivua viatu mlangoni, akakubali keki, akasifu keki, na ndipo akaikaribia kona.

"Naweza, Bi Verlene?"

"Mwamkie kwanza."

"Shikamoo, Bi Mkubwa," Lamont alisema, na Bi Verlene akacheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Corliss alipumua. Labda mambo yangekwenda.

Lamont aligusa uzi mmoja mmoja. Akakunja uso, akagonga kibao kimoja cha piano, akagusa uzi tena. "Nani anaikaza?"

"Hakuna," Corliss alisema.

"Dada, hizi ni nyuzi za utumbo wa kondoo. Baridi hii, na mabomba ya joto yanawaka usiku kucha, siku mbili tu zinakuwa kama kamba ya kuanikia nguo. Na piano yenu imeshuka sauti, samahani Bi Verlene. Hii imekazwa ifuate piano hii hii iliyoshuka. Nani kaikaza?"

Corliss alimtazama mama yake. Bi Verlene aliinua mikono yake iliyovimba viungo, mikono ambayo haikuweza kufungua hata chupa ya siki. "Mimi namtilia maji tu kwenye sponji ya kifuani, mbao zisipasuke kwa ukavu. Hilo tu. Tuanze kazi, maswali hayajengi nyumba."

Walipiga. Loo, kijana alikuwa anajua! Alimfuata Bi Verlene kila alikokwenda, akamwachia njia, akamtania mahali, na Corliss akajikuta amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo begani, macho yanamchoma. Wimbo ukafika mwisho. Bi Verlene akatoa mikono. Lamont akavuta uzi mnene, sauti ikajaa chumba.

"Siyo hiyo," Bi Verlene alisema, na kurudi mwanzo.

Walizunguka. Lamont akavuta tena, polepole zaidi.

"Siyo hiyo, mwanangu. Unaniwahi. Yeye alikuwa anachelewa."

"Anachelewa kiasi gani?"

"Mpaka uone kwamba haji. Ukishakata tamaa, ndipo."

Mara ya tatu Lamont alijitahidi kuchelewa. Mikono ya Bi Verlene ilikuwa mapajani. Kimya kiliingia. Lamont alilaza kiganja chake chote juu ya nyuzi, kuzituliza, akisubiri. Corliss alimwona akibadilika uso. Aliitazama besi, akautazama mkono wake, kisha akaiegemeza besi kwenye kiti kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayeweka chini mtoto aliyeamka. Akarudi nyuma hadi akagonga kabati.

"Bi Verlene, nimekumbuka kuna mahali natakiwa."

"Na keki?"

"Asante, mama. Imetosha."

Corliss alimfuata nje. Alikuwa amevaa koti mkono mmoja, viatu havijafungwa.

"Lamont. Utakuja Jumapili?"

"Dada Corliss, mimi mbao kuitikia mbao nimeizoea." Aliinua kiganja. "Lakini nilikuwa nimezishika zote. Kwa kiganja hivi. Ukizishika zinakufa. Hazikufa. Zilikuwa zinasukuma mkono wangu, kama mtu anayekuambia sogea."

"Tafadhali. Ukikataa, watamchukua mama yangu."

Alimtazama kwa huruma. "Nitakuja na besi yangu," alisema. "Nitajitahidi."

Jumamosi alipiga simu: nyanya yake mgonjwa sana, hawezi kumwacha.

"Nyanya yake tulimzika mwaka juzi," Bi Verlene alisema, akipaka mafuta viatu vyake vya Jumapili. "Niliimba mwenyewe. Maskini kijana, hata uongo hakupata nafasi ya kuupika."

"Basi imekwisha, Mama. Nimpigie Purnell?"

"Mpigie kwa lipi? Kesho tunakwenda. Na Bi Mkubwa anakwenda."

"Nani ataipiga?"

"Wewe beba tu."

*

Kuibeba ile besi kwenye ngazi zenye theluji kulimtoa Corliss jasho, na kila jirani aliyetoka kanisani alisimama kutazama. Mama Broadnax wa nyumba ya pili alisema kwa sauti ya kusikika, "Maskini Verlene, sasa anamtembeza." Corliss alitamani ardhi ipasuke. Waliilaza kiti cha mbele, shingo ikielekea nyuma, na Bi Verlene akaketi nyuma na shingo ile begani mwake. Hapo nyuma ndipo Corliss alipokuwa akikaa utotoni. Aliwasha gari, na njia nzima hakugeuza kichwa upande wa kulia ilikolala besi.

Purnell aliwaona wakiingia, akashika kiuno. "Mpiga besi yuko wapi?"

"Tuna besi," Bi Verlene alisema. "Tuwekee kiti chake."

"Shemeji, nilisema mpigaji."

"Purnell Gaskins, Hosea alikusimamia siku unaoa. Weka kiti."

Aliweka kiti. Alikiweka pale pale karibu na ukuta, na hakuna aliyemwambia. Corliss aliiegemeza besi, na wakati anaiachia, mkono wake uligusa nyuzi kwa bahati mbaya. Mama yake, ambaye alikuwa amefungua piano, aligonga kibao kimoja kuijaribu. Sauti mbili zilikutana, zikawa moja.

Corliss alibaki ameinama. Piano ya nyumbani ilikuwa imeshuka sauti. Lamont alisema hivyo, na besi ilikuwa imeifuata. Piano ya Purnell ilikazwa na fundi kila mwanzo wa majira. Tangu nyumbani hadi pale, katika baridi ile, besi ilikuwa imelala kwenye gari na hapakuwa na aliyegusa funguo zake za kukazia nyuzi.

"Kaa, mwanangu," Bi Verlene alisema bila kugeuka. "Unazuia watu kuona."

Aliketi. Akina mama wa Mlima Nebo walikuwepo, wengi kuliko juma lililopita, na wengine ambao hawakuwahi kuja. Habari ilikuwa imetembea. Watu hawapendi kuogopeshwa, lakini wakiogopeshwa mahali wanarudi.

Bi Verlene alianza na "Mlango wa Nyuma". Wimbo ukaenda, ukaacha nafasi zake, na safari hii nafasi hazikuwa tupu kabisa. Kitu kilivuma ndani yake. Mtu angesema mbao inaitikia mbao, na angekuwa hajakosea. Ukafika mwisho. Mikono mapajani. Kimya. Bi Verlene aliinua uso kidogo kuelekea ukutani, akasubiri, na Corliss kutoka kule nyuma akaona shingo ile nyembamba, ukosi wa gauni la kijani, na jinsi mama yake alivyokuwa mdogo. Kisha mikono ikarudi kwenye piano, wimbo ukaanza upya.

Mzunguko wa pili. Wa tatu. Mwanamke mmoja aliinuka, akachukua koti lake. Purnell alimtazama Corliss akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, akaanza kuelekea kwenye santuri.

Corliss hakuamua kusimama. Alijiona tu amepita meza ya kwanza, meza ya pili, mkoba umeanguka nyuma yake, watu wakimpisha. Moyoni alikuwa na hasira, hasira ya zamani ya gauni jeupe lililolowa: hata ukifa, Baba, hata ukifa bado tunakusubiri wewe na huyu wako. Alifika, akasimama nyuma ya besi, kati yake na ukuta, mahali alipofia baba yake. Nafasi ilikuwa finyu. Harufu ilikuwa ya nta, jasho la zamani, na pipi zile za mnanaa alizotembea nazo Hosea mfukoni.

Na kidole chake kikajua mahali pa kwenda. Ndipo yale aliyoyazika yalipofufuka: kidevu kigumu utosini, mkono mkubwa juu ya mkono wake, na sauti inayopita mfupani kuja sikioni. *Subiri.* Wimbo ulikuwa unafika mwisho. Bi Verlene alitoa mikono, akaiweka mapajani. *Bado.* Kimya kiliingia, kikajaa. Mtoto mchanga alikohoa mahali. Purnell alisimama na sahani ya santuri mkononi. *Bado, mwanangu.* Corliss aliona bega la mama yake likianza kushuka, likikata tamaa, mikono ikianza kuinuka kurudi mwanzo. Uzi chini ya kidole chake ulikuwa wa moto.

*Haya.*

Sauti ilitoka. Ilikuwa nene, ya chini, isiyo na haraka, ikapita kwenye sakafu na kupanda kwenye miguu ya viti, glasi zikalia kwenye kaunta. Ilikaa muda mrefu kuliko inavyowezekana. Kisha ikafa, na kufa kwake kulisikika.

Bi Verlene hakurudi mwanzo. Alikaa kimya, mikono imefungana. Halafu mabega yakaanza kutikisika, yeye ambaye hakutoa chozi kaburini, na akalia kwa sauti mbele ya watu wote, kofia ikimpinda. Hakuna aliyepiga makofi. Mama Broadnax, yule yule, ndiye aliyesema "Amina," na wengine wakaitikia.

"Umechelewa," Bi Verlene alimwambia bintiye alipoweza kusema. "Umechelewa vizuri."

Corliss alipoiacha besi kumfuata mama yake, nyuma yake kitu kililia, mlio mdogo wa mbao. Aligeuka. Nyuzi za Bi Mkubwa zilikuwa zinalegea, zote nne, moja baada ya nyingine, mpaka zikaning'inia juu ya mbao kama kamba za viatu.

"Ni joto," Purnell alisema haraka. "Imetoka kwenye baridi, imeingia kwenye joto. Ni joto tu hilo."

"Mwache apumzike," Bi Verlene alisema. Alitoa leso, akapenga kamasi, akainyoosha kofia. "Na wewe weka chini hiyo sahani yako, Purnell. Nina wimbo mwingine."

Corliss alirudi mezani kwake. Mtu alikuwa amemwokotea mkoba. Mama yake alipiga wimbo wa pili, mfupi, wa harusi, ambao Corliss hakuwa ameusikia kwa miaka mingi. Mkono wa kushoto ulitembea kwa shida kuelekea chini, kule kwenye sauti nene ambazo haukuwahi kuruhusiwa kufika, ukikosea njia, ukirudi, kama mgeni kwenye nyumba yenye giza. Ukafika mwisho. Mikono ikainuka. Bi Verlene alisubiri kidogo, kwa mazoea. Akatazama kile kiti. Kisha akashusha kidole kimoja kilichovimba na kupiga sauti ya mwisho mwenyewe. Ilikuwa kali mno, na iliwahi mno. Watu walipiga makofi hadi glasi zikacheza.

Alimtafuta Corliss kwa macho katikati ya makofi yale, kama mtoto aliyesoma shairi shuleni. Corliss alimwitikia kwa kichwa, akacheka, akapiga makofi naye.

Baadaye tu, watu walipoagiza chakula, ndipo aliposhusha mkono wake chini ya taa ndogo ya mezani. Uzi ule mnene ulikuwa mkali. Alipokuwa mtoto, mvuto mmoja tu ulimwachia mstari mwekundu kwenye ncha ya kidole, na baba yake alikuwa akiupuliza. Alikigeuza kidole huku na huku, akakisogeza karibu zaidi na taa. Hakikuwa na mstari wala wekundu, kama kidole ambacho hakijavuta kitu.

Alikikunja ndani ya kiganja. Mama yake alikuwa anakuja mezani huku amemshika Purnell mkono, anataka supu, anauliza kama Wendell amepigiwa simu, na Corliss alimvutia kiti na hakumwambia.